Bi Simu na Mtu wa Mlangoni

Jina la Bi Simu alipewa hospitalini, maana tangu usichana wake kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba kidogo kando ya mlango mkubwa, akipokea simu na kuwaunganisha watu. Macho hayakuwahi kumwonyesha kitu. Lakini usimwonee huruma bure. Mle chumbani alikuwa mtu na heshima zake. Anayeingia sharti ajitaje. "Ni mimi, dada, wa maabara." "Shikamoo, ni mfagizi wako." Kutwa anaitikia mpaka koo linamkauka.

Ndipo ikaja miwani. Binti wa dada yake, aliyeko ng'ambo, ndiye aliyeituma: miwani yenye kamera na akili yake, inayomnong'oneza sikioni kilicho mbele yake. Ukiihifadhia sura ya mtu, siku nyingine inakutajia ni nani. Lo! Chumba kilifurika, kila mtu anataka ahifadhiwe. Na tuseme kweli, ilimfaa. Alianza kusoma barua zake mwenyewe na kwenda dukani bila kuomba mkono wa mtu.

Ila binadamu bwana! Walipojua kwamba miwani inawataja, wakaacha kujitaja. Ya nini kupoteza mate? Walipita kimya wakitikisa vichwa, na miwani ikawasoma wote kwa sauti ile ile moja. Bi Simu akawa anamjua kila apitaye, na hasemi na yeyote. Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akala peke yake. Upweke ulimuuma, na hakuwa na wa kumwambia.

Ni mtu mmoja tu ambaye Bi Simu hakumhifadhi: mpishi wa kantini, mzee aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno. Huyo alimletea chai kila asubuhi, kelele zikitangulia koridoni. "Bi Simu! Mpaka leo hujaolewa?"

"Nakungoja wewe uache kuunguza sufuria!"

Utani ulianza zamani, lakini siku hizi ulikuwa na jambo ndani yake, na wote wawili walilijua. Bi Simu hakutaka mashine imtajie mtu huyu. Alimtaka kwa sauti yake mwenyewe. Mpishi naye hakuuliza. Alidhani yumo kwenye miwani kama wenzake.

Sasa mpishi alikuwa anastaafu, anahamia kwa mwanawe, mbali. Siku ya kuondoka, Bi Simu alivaa gauni lake zuri. Alikuwa amekata shauri: leo akiulizwa lile swali la kuolewa, hatajibu kwa mzaha.

Asubuhi hiyo simu zilikuwa hazikatiki. Akiwa anamtuliza mama mmoja aliyepotelewa na mgonjwa wake, miwani ikanong'ona: "Mtu asiyejulikana, mlangoni. Ameinua mkono." Wageni wa namna hiyo humjia kutwa kuuliza njia. Bila kugeuka, akampungia kiganja: nenda, nenda mapokezi.

Mchana ulifika, chai haikufika. Akamwita mlinzi wa mlangoni.

"Mpishi yuko wapi?"

"Si ameshaondoka, mama? Gari lilikuwa linamngoja. Alisimama hapo akakupungia, hakutaka kukukatiza. Nawe ukamfanyia hivi, kama unafukuza kuku. Akasema, 'Haya, nimejibiwa.' Mimi nikajua ni utani wenu."

Bi Simu alingoja mlinzi aende zake. Kisha akaiuliza miwani, maana huweka picha za siku nzima: "Yule wa asubuhi, asiyejulikana. Yukoje?"

"Mwanaume mzee. Amevaa koti. Ameshika kikombe mkono mmoja, mwingine ameuinua. Anatabasamu."

Akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Na sasa?"

"Mlango uko wazi," ikasema. "Hakuna mtu."