Gitaa Langu na Fidla za Mkwe

Gitaa langu la umeme nililinunua Ngara, mitumba, pamoja na spika yenye springi ndani. Ukiipiga teke inanguruma kama sufuria imeanguka kisimani. Aliyeniuzia alisema mtindo wake ni wa vijana wa ng'ambo wanaosimama juu ya mbao baharini. Hawaimbi, gitaa ndilo linaongea, na sauti inatetemeka kama maji. Mimi bahari sijaiona. Mbao naijua, maana natengeneza viti Dagoretti Corner, ila kuisimamia sikuwahi kufikiria. Lakini sauti ile iliniingia. Nikaitia kwenye nyimbo za kwetu magharibi, zile za kuzunguka palepale mpaka wachezaji wachoke. Jirani alizoea, au alihama, sikumbuki.

Sasa binti yangu akapata mchumba Lavington. Mama ya kijana ni mwalimu wa muziki aliyestaafu. Yeye na wenzake wa kanisani wanapiga fidla, nyimbo za Wazungu wa kale, za kusoma kwenye karatasi. Binti akaja karakana, akakalia kiti ambacho kwa bahati sikuwa nimekipiga vanishi.

"Baba, nataka kuingia kanisani na wimbo mmoja. Fidla zao na gitaa yako, pamoja."

"Hiyo ni chapati na ugali sahani moja."

"Na si watu hula? Mkishindwa kupatana, nitaingia kimya kama mtu amechelewa ibada."

Hapo nikajua hana mzaha. Bibi harusi wetu akiingia kimya, shangazi zake wataongea mpaka Krismasi.

Nikaenda mazoezi kwa mkwe, yule mama mwalimu. Askari wa geti akaniuliza kama nimeleta viti. Lazima nieleze kitu hapa: kwetu mkwe hatazamwi usoni. Unaongea naye ukiangalia chini kama umedondosha sindano. Kwa hivyo mazoezi yote niliyafanya nikitazama viatu vyake. Vya ngozi, vizuri, kisigino kimoja kimelika upande.

"Mkwe, hiyo gitaa yako inalia kama paka ndani ya bomba," akasema.

"Ni mawimbi, mama."

"Basi punguza bahari. Na nikiinua upinde wa fidla hivi, tunamaliza sote. Umeona?"

"Nimeona," nikaambia kisigino.

Siku ya harusi fidla zilianza polepole, tamu, nami nikaingia chini yao na mtetemo wangu. Watu wakageuka. Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Lakini wimbo wa mkwe ulipimwa kwa mwendo wa watu wa Lavington, ambao wakienda mbele wanaenda mbele. Bibi harusi wa kwetu huenda hatua mbili mbele, moja nyuma, na mabega pia yapate haki yao. Karatasi zikaisha binti akiwa bado katikati ya kanisa. Mkwe akainua upinde. Hayo nilihadithiwa baadaye, kwa sababu mimi nilikuwa natazama viatu, na viatu havikusema kitu. Nikauzungusha wimbo tena.

Ndipo nikasikia niko peke yangu. Nikinyamaza, mtoto wangu anabaki pale katikati, kimya kabisa, na shangazi wote wanatazama. Vidole vikaendelea bila mimi. Halafu kile kiatu kilicholika kikaanza kugonga sakafu, pole pole, kikifuata gitaa. Fidla moja ikarudi mwanzo wa wimbo, kisha nyingine, mpaka zote. Binti alifika mbele akicheka hadi shela inatikisika.

Kwenye hema, tukila pilau, mkwe akanijia.

"Mkwe, nimeinua upinde mpaka mkono ukauma. Ulikuwa unatazama nini?"

"Viatu vyako, mama."

Akatazama kisigino chake, nami nikatazama pilau.

Hivi majuzi aliniita tena, anataka tupige kanisani kwao. Nilimkuta amevaa viatu vyekundu kama pilipili.

"Nikikanyaga na hiki cha kulia," akasema, "ndio mwisho."