Mbuzi wa Mama Nestori

Mwanangu, nakumbuka siku moja pale kijijini kwetu Kitahana, begi la baba yako Issa likiwa limefungwa tayari mlangoni, na bibi yako hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Siigombezi simu yako. Ila uliponisikilizisha yule mhubiri anayefoka, ukasema, "Shangazi, huyu anasema ukweli mtupu," nilishtuka. Maneno yale nayajua. Enzi zetu yalikuja kwenye kanda za kaseti.

Aliyaleta mgeni mmoja. Msikitini kwetu tulikuwa wachache, nyumbani tunasema Kiha, Kiswahili tumekipatia shuleni, Kiarabu ndiyo usiseme. Mgeni alisema, kwa Kiswahili kilichojaa Kiarabu, kwamba Wakristo wote wanatuchukia, anayekula nao si mwenzetu, na vijana wenye imani wamfuate nchi ya mbali wakapigane. Watu walitikisa vichwa kukubali. Walielewa? Wapi! Kila mmoja aliona aibu kuuliza mbele ya mwenzake, na mgeni akachukulia kwamba kijiji kizima kimekubali. Issa, kaka yangu mwenye damu moto, akaahidi kuondoka naye kesho yake jioni.

Asubuhi akaja Mama Nestori, jirani yetu Mkristo, ambaye wazazi wake walikimbilia huku kutoka Burundi. Siku hiyo alikuwa anamwoza binti yake. Babu yako ndiye aliyekuwa akichinja kwenye sherehe zote za kijiji, za Waislamu na za Wakristo, ili kila mtu ale. Issa akamzuia mama yule mlangoni.

"Mwakeye, Issa," akasalimia kwa Kiha. "Mzee yupo? Mbuzi wanamsubiri."

"Hatuwachinjii tena makafiri."

Mama Nestori hakukasirika. Alishangaa tu. "Sasa mzee asipochinja, ninyi mtakula nini? Mimi nifanye harusi, halafu ninyi mkae na njaa?"

Babu yako alikuwa nyuma yetu, amesikia yote. Hakupandisha sauti. "Issa, mgeni wako amesema huyu mama anatuchukia. Masikio unayo. Umesikia nini?"

Kaka yangu akaingia ndani. Nikadhani ameghairi kungoja jioni, anajiandaa kuondoka. Akatoka na kisu cha babu yako, akamfuata Mama Nestori kwenda kuwachinja wale mbuzi.

Jioni gari la mgeni likapiga honi barabarani, likapiga tena, likaenda zake. Issa alikuwa uani kwa Mama Nestori, anakula. Bibi yako alipomwona akaomba sahani, akala huku analia, na mimi nikacheka kwa jinsi nilivyopata nafuu. Mpaka leo nikiikumbuka honi ile, nashusha pumzi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi dini, maana babu yako alikuwa mtu wa dini kuliko mgeni yule. Ukiambiwa fulani ni adui yako, nenda kwanza ukakae naye, umsikie mwenyewe. Na usilolielewa usilitikisie kichwa. Uliza, hata kama msikiti mzima utakugeukia.

Keshokutwa mjukuu wa Mama Nestori anaoa. Mikono ya baba yako siku hizi inatetemeka, ameniambia kisu cha babu yako nikupe wewe uchinje. Kipokee, mwanangu, na Mwenyezi Mungu akujalie majirani wasiokubali ulale njaa.