Mlango Usiokuwa na Nyumba

Nakumbuka mchana mmoja, mjukuu wangu, jua liko utosini, tulipobishiwa hodi na mlango usiokuwa na nyumba. Usinitazame hivyo. Uzee umenichukulia meno, akili bado ninayo. Nasikia na nyinyi vijana mmeanza kukusanya mbao na mabati ya nyumba zilizobomolewa ili mjengee upya. Kazi nzuri hiyo, naipenda. Ndiyo maana nataka nikusimulie jambo ambalo hata marehemu bibi yako nilimweleza nusu tu.

Mwingereza alikuwa bado yupo, nami nina miaka ishirini na mitatu. Ng'ambo ya reli kulikuwa na kiwanda cha katani kilichoachwa. Mashine zilikwisha kung'olewa, zikabaki bolti zimesimama sakafuni na harufu ya mkonge ambayo hata masika kuingia kwa matundu ya paa haikuiondoa. Wazee wa mtaa wetu wa Ngamiani waliomba ruhusa ya kukitumia, na kila Jumamosi Fundi Mbaruku, mwashi mmoja mpole mwenye vidole vilivyoliwa na chokaa, akatufundisha humo jinsi ya kuzifanyia kazi mali za nyumba zilizokufa. Tulikwangua mawe ya matumbawe, tukanyoosha misumari iliyopinda, tukakata sehemu zilizooza za boriti. Bi Mwanahamisi na wenzake walipasua madebe ya mafuta ya taa na kuyafua kwa nyundo mpaka yakawa bapa, ya kuezekea. Kelele zao ukizisikia barabarani ungedhani kuna vita. Hapakuuzwa kitu pale. Ulifanya kazi, ukangoja zamu yako, ukapata.

Fundi alikuwa na sharti moja lililotuchosha sisi vijana. Kabla hujang'oa chochote kwenye nyumba tupu, simama kizingitini, piga hodi mara tatu, kisha ungoje kwa kadiri ambayo mtu mzima angechukua kuamka, kujifunga nguo na kufika mlangoni. Halafu uende kwa majirani ukaulize nyumba ni ya nani na ruhusa iko kwa nani. Ukishaleta kitu kiwandani, useme mbele ya wote: hiki kimetoka kwa fulani, amekiachia kwa hiari. Sisi tulikuwa tukichekea pembeni. Atuitikie nani, popo?

Wakati huo nilikuwa nimeposa. Binti akiitwa Saumu, na nilimpenda mpaka nikawa mjinga. Mjomba wake aliyemlea alitoa neno moja: mpwa wangu haingii chumba kisicho na mlango, na ndoa iwe kabla ya Ramadhani, maana kuna mtu wa Pangani naye anangoja jibu. Kuta nilikuwa nazo, na paa la madebe lilikwisha kukaa. Mlango ndio sikuwa nao. Kwenye zamu ya milango nilitanguliwa na wajane wawili na mzee mmoja mwenye wajukuu yatima, na Ramadhani ilibaki majuma matatu tu. Niliwaona wale wote wamenikalia njiani.

Basi siku moja nikaenda kutafuta boriti kando ya njia ya Horohoro. Nikaikuta nyumba ya udongo peke yake, makuti yameanguka upande mmoja, nyasi zimefika kiunoni. Mlango ulikuwa mzima. Mbao ya mvule, bawaba za chuma, na kwa juu, usawa wa macho yangu, palikuwa na doa jeupe lililosuguliwa na vidole vya mtu akibisha miaka na miaka.

Nilipiga hodi kwa kejeli, mara moja, patasi tayari mkononi.

Ndani mtu akasema, "Ngoja."

Ilikuwa sauti ya kiume, ya karibu sana, haina hasira. Nilisikia vizuri, mwanangu, sitakudanganya leo. Nilisimama kama pumzi mbili, nikasukuma mlango, nikachungulia. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kitanda cha kamba, na juu yake mkeka safi uliotandikwa. Kitanda kile kilitosha kunirudisha nyumbani. Lakini nilijitia hamnazo. Nikajiambia ile sauti ni njiwa, na mkeka umesahauliwa, nikang'oa bawaba moja baada ya nyingine. Lori la nazi likanipakia mimi na mlango wangu mpaka mjini.

Jumamosi nikasimama mbele ya watu nikasema, "Mlango huu umetoka kwa mzee mmoja wa njia ya Horohoro, ameniachia kwa hiari." Fundi Mbaruku akaweka kiganja kwenye lile doa jeupe. Akaniuliza mzee huyo ni mrefu? Nikamjibu ndiyo, ni mrefu. Akanitazama kidogo, akaniruhusu niuegemeze ukutani ili Jumamosi ifuatayo niupige randa.

Jumamosi hiyo ndiyo niliyoanza nayo. Ilikuwa adhuhuri, watu wamejaa, nyundo zinalia kila upande. Mara nyundo zikanyamaza zote kwa pamoja, wala hakuna aliyesema tunyamaze. Katika kile kimya tukasikia: ngo, ngo, ngo.

Bi Mwanahamisi, kwa mazoea tu, akaitika, "Karibu!" Kisha akajiziba mdomo kwa kanga.

Sauti ilikuwa imetoka kwenye mlango wangu. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa kiwanda, na nafasi iliyobaki usingeweza kupenyeza mkono. Ikaja tena, taratibu zaidi, hodi ya mtu aliyechoka. Niliona kwa macho yangu vumbi likidondoka kutoka kwenye lile doa. Mwenzetu mmoja alitupa msumeno akatoka mbio, na wengine wakaanza kusoma Ayatul Kursiyu kwa sauti za chini.

Fundi Mbaruku hakukimbia. Alinijia mimi.

"Athumani, ulipopiga hodi uliambiwaje?"

Nilitaka kusema uongo mwingine, nikashindwa.

"Niliambiwa ningoje, fundi."

"Ukangoja?"

"La."

"Na huyo mzee aliyekupa?"

"Hayupo, fundi. Nilimbuni."

Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Alisema, "Watu hawa wote walikuamini, wakakuwekea mlango huu uupige randa. Sasa ubebe, uurudishe leo leo. Mimi nitakusindikiza mpaka barabarani, kuanzia pale ni wewe na wenyewe." Nilipojitwika kichwani watu walinipisha njia, hakuna aliyenigusa. Fedheha niliyoisikia siku ile, mwanangu, nikiikumbuka uso unanichoma hadi leo.

Nilifika kule alasiri. Pale nilipong'oa mlango alikuwa ameketi mwanamke wa makamo, kanga mbili, miguu ameinyoosha kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunitazama mimi, aliutazama mlango. "Umeurejesha. Alhamdulillahi."

Nilimwomba radhi, nikamwambia nilidhani nyumba haina mtu. Akaniambia alikuwa ameenda siku chache kwa binti yake kumuuguza mjukuu. Jina lake Mama Kombo. Kombo mwanawe alivuka kwenda Pemba kuchuma karafuu, misimu mitatu iliyopita, na chombo walichopanda hakikufika.

"Lakini yuwaja," akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua. "Kila alasiri yuwabisha, nami namfungulia. Tangu uuchukue mlango yuwazunguka nyumba tu. Namsikia nyasini, mbele, nyuma, mbele, nyuma."

Nikamuuliza, na sijui nilipata wapi ulimi wa kuuliza, mbona asiingie, ilhali pako wazi?

Hapo ndipo aliponitazama. "Nimemlea mimi, mwanangu. Haingii nyumba ya mtu pasi na kubisha, hata hii ya mamake."

Nilifanya kazi nimeinamisha kichwa. Nilizirudisha bawaba, nikagongomea misumari, kisha tukaingia ndani wote wawili, nikaufunga mlango ili nijaribu komeo. Nilikuwa bado nimelishika.

Ngo, ngo, ngo.

"Fungua wewe," akasema Mama Kombo. "Ndiwe uliyemfungia njia."

Nilifungua. Nje palikuwa na jua na zile nyasi, hata jani halitikisiki. Hapakuwa na mtu. Lakini yule mama alirudi hatua moja nyuma, akakusanya kanga yake upande, akampisha mtu apite.

"Mwombe radhi," akaniambia.

Nikaomba radhi, machozi yananitoka, sijui nimwelekee nani. Nyuma yangu kile kitanda cha kamba kikalia, mtu ameketi. Sikugeuka. Mama Kombo akanishika bega, akanitoa nje, akanitakia safari njema, nikaondoka.

Ndoa yangu haikuwa. Mjomba alikataa kuongeza hata siku moja, na Saumu akaolewa Pangani. Siku walipompeleka nilisikia vigelegele huku ninachekecha chokaa pale kiwandani, nami nilikuwa nimewekwa wa mwisho kabisa kwenye zamu, chini ya watu wote. Usidhani nilipokea kwa moyo mweupe. Niliona nimeonewa. Nilimchukia Fundi, nikamchukia mjomba, nikawachukia hata wale wajane. Ilinichukua karibu mwaka mzima kukiri kwamba aliyemtoa Saumu mikononi mwangu ni mimi, tangu pale nilipouona ule mkeka ukiniambia kuna watu humu, nami nikaendelea na patasi. Mlango nilikuja kuupata kwa zamu, kutoka kwa mjane mmoja aliyejaliwa kupata mzuri zaidi. Aliniletea mwenyewe, akasimama mbele ya wote akasema, "Nimemwachia kwa hiari." Nililia, wakanicheka.

Basi nasaha yangu ni hii, na uwapelekee wenzako. Mbao kuukuu itumieni, jiwe la zamani litumieni, ni dhambi kuliacha lipotee. Lakini kwanza mjue lilikuwa la nani, na nani bado analihitaji kwa namna msiyoiona nyinyi. Ulizeni, mkishauliza msubiri jibu, na jibu likiwa hapana mwondoke mikono mitupu bila kununa. Mkikosea, semeni mbele ya wale mliowadanganya, na mrudishe kwa mikono yenu wenyewe, msitume mtu. Haraka yako, hata iwe ya ndoa, haimpunguzii mwenye mali haki yake.

Nami siku zangu zikiisha, mtakuja kuibomoa nyumba hii, najua. Boriti zake bado nzima, zichukueni, nimewaachia kwa hiari. Ila semeni kwa sauti mmekuja kuchukua nini, kisha mnipe nafasi nitoke.

Mwenyezi Mungu akujalie nyumba ambayo kila kilichomo ndani yake kina radhi ya aliyekuwa nacho, ulale humo usingizi wa amani, wewe na wanao. Amina.