Mafuta Meupe ya Mwasiti

Mjini Rumonge, ukisema mafuta meupe umeshasema Mwasiti. Mawese ya watu wengine yalitoka kwenye michikichi ya Kigwena yakiwa mekundu, na mekundu yakaliwa. Yeye aliyatia kwenye sufuria kubwa, akachochea moto mpaka moshi ukaanza kunyanyuka, akasimama na mwiko mkononi bila kuzungumza na mtu. Wekundu ulipauka taratibu, ukawa manjano, na mwisho ungeweza kuona kitako cha sufuria kama unavyoona mchanga chini ya maji ya ziwa. Wenye pupa waliyaunguza yakawa machungu. Yake yalikuwa laini siku zote.

Kazi hiyo alijifunzia mjini Usumbura, enzi za usichana, jikoni kwa Mgiriki mmoja mwenye duka ambaye mkewe hakutaka kuona sahani nyekundu. Alipoolewa na fundi cherehani na kuhamia Rumonge, alihama na usafi wake. Ndagala, vile visamaki vya ziwani, alizikata vichwa. Unga wa muhogo aliuchekecha tena hata kama muuzaji ameuchekecha. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, hakuitia chunguni kwake. Alisema majani yana wenyewe, nao ni mbuzi. Watu walicheka, lakini wakiwa na harusi walimfuata yeye.

Mwaka ule wa uhuru, 1962, mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nyumbani alikaa na binti yake Kulthumu na mjukuu wake Sikujua, mtoto wa miaka mitano. Sikujua alikuwa ameugua surua, akapona, amekonda. Basi bibi akajitahidi kumrudishia mwili kwa vile vizuri alivyokuwa navyo: ugali mweupe, ndagala zisizo na vichwa, mafuta meupe. Mtoto akanenepa kidogo, akaanza kucheza.

Lakini jua likizama, alikuwa mtu mwingine. Mchana alikimbia kama wenzake. Magharibi ikiingia alijikwaa kwenye kinu kilichokuwa palepale tangu azaliwe, akatafuta ndara zake kwa kupapasa. Watoto wa jirani wakampa jina la Kuku, maana kuku naye giza likianza hana safari. Kulthumu aliona ni jicho la hasidi, akataka hirizi. Mwasiti akasema hirizi haina haraka, kwanza dispensari.

Muuguzi wa pale alikuwa Sylvestre, mtu wa Gitaza, mpole wa maneno. Alimtazama mtoto macho, kisha akauliza anakula nini. Mwasiti akamweleza yote kwa madaha, mpaka namna anavyoyachoma mafuta, akingojea sifa. Sylvestre alimwacha amalize.

"Mama, kulisha umelisha," akasema. "Muhogo ni kuni, unamupa mutoto nguvu ya kukimbia. Ndagala ni mbao, inamujenga mwili. Lakini ile rangi nyekundu ya mawese ndiyo jicho linaitaka. Mwili unaikata katikati, na kila nusu inageuka kitu cha kuonea wakati mwanga iko kidogo. Na haisafiri kwa maji, inasafiri kwa mafuta. Wewe unamupa mutoto mtumbwi, lakini abiria umeshawachoma."

Akampa na onyo, tena bila kupaza sauti: kutoona magharibi ni hodi ya kwanza tu. Wakichelewa, jicho litakauka, na jicho lililokauka likapasuka halina dawa, wala kwake wala kwa Wazungu.

Njia nzima Mwasiti alinuna. Anachochoma yeye ni uchafu, akamwambia Kulthumu. Kijana yule angejua nini habari za sufuria.

Asubuhi yake alikuwa na kazi ya Shafii, mchuuzi wa samaki wa Magara, aliyeagiza mafuta meupe kwa pilau ya sherehe ya uhuru. Mwasiti akayachuja mawese kwa kitambaa kabla ya moto, kama kawaida. Kitambaa kikabaki na nyuzi na maganda. Akayachoma mpaka yakapauka. Na siku hiyo, kwa kuwa neno la Sylvestre lilikuwa likimchoma rohoni, akayaacha yapoe, akayachuja tena kwa kitambaa kipya.

Kitambaa kikatoka kitupu.

Akakigeuza upande wa pili. Hakuna kitu. Uchafu alikuwa anaujua yeye: hutuama chini, au huelea juu kama povu, au hushika kwenye kitambaa. Huu wekundu haukuacha hata chembe. Kwa hiyo kilichoondoka hakikuwa taka. Alizivuta kuni zote nje ya mafiga, na sufuria ya pili, iliyokuwa ikingoja zamu, akairudisha ndani na mawese yake mekundu vilevile.

Shafii alipofika akakuta nusu ya mzigo wake ni nyekundu.

"Mama Kulthumu, uhuru iko mulangoni, na wewe unataka wageni wangu waondoke na midomo nyekundu?"

"Na bendera si iko na nyekundu, Shafii? Niletee, nitaichoma nayo iwe nyeupe."

Shafii akacheka mpaka akakaa. Mwasiti akamweleza kisa chote, akamwambia ya kukaangia maandazi atazidi kumchomea, maana mkono anao. Lakini ya mboga ya watoto, yatoke mekundu.

Kazi ikawa kwa Sikujua, aliyezoea meupe na kusema haya yananuka. Hapo bibi hakuwa na njia ila kukaa naye sahani moja. Akala sombe iliyotiwa mawese, akala ndagala na vichwa vyake. Kulthumu akamkaribisha majani ya mbuzi. Mwasiti akatafuna taratibu, akajibu kwamba mbuzi hawana ujinga.

Ijumaa mbili zilipita. Jioni moja taa za wavuvi zilianza kuwashwa ufukoni, na Mwasiti akatoka jikoni kumfuata mtoto amshike mkono amwingize ndani. Akamwona amesimama uani, karibu na kinu, anamtazama.

"Bibi, iko kitu hapa kwa shavu lako."

Mwasiti akagusa shavu. Kidole kikarudi kimelowa mawese. Alitaka kufuta, akaacha, akanyoosha mkono kumshika. Sikujua akakizunguka kinu, akampita bibi yake pembeni, akaingia ndani peke yake.