Jina Nililolikata

Kwa miaka kumi na moja nimechapa barua za watu. Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala inayokwamisha karatasi kila ikipata joto, na kiti changu, ambacho nimekikalia mpaka sponji imechoka. Mteja akileta maombi ya kazi yaliyojaa makosa, nayanyoosha kimyakimya. Akiipata hiyo kazi, anasema ni bahati yake.

Mdogo wangu hawezi kuandika hata barua ya kuomba ruhusa, lakini ana sauti. Nyumbani wanamwita Spika. Akifungua mdomo, baba anazima redio. Nikifungua mimi, baba anaiongeza. Sikatai, nilimwonea wivu, tena tangu ana meno mawili.

Mwaka huu vijana wa mtaa wetu waliamua kupeleka madai kwa viongozi wa taifa: shule za pembezoni zipate walimu kama za mjini, wasichana wasiulizwe wataolewa lini kwenye usaili, kazi zisigawiwe kwa kujuana. Hoja zilikuwa zao, sentensi zote zangu. Wiki mbili nilizipanga na kuzipangua mpaka zikakaa. Kisha wakakutana kuchagua atakayesoma mbele ya mawaziri. "Spika," wakasema wote, bila hata kunitupia jicho.

"Wewe dada tuchapie tu orodha ya wajumbe," mwenyekiti wao akaniambia. "Watano, na namba za vitambulisho."

Hiyo "tu" ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilichapa majina manne. Nilipofika la tano, la mdogo wangu, nikachapa langu. Nikaituma orodha haraka, kabla nafsi haijanisuta.

Siku ilipofika, askari wa getini akapitisha kidole kwenye orodha. "Huyu hayumo," akasema. "Jina la tano ni la dada huyu." Mdogo wangu alikuwa amevaa viatu vya kuazima. Nilitamani azushe ugomvi, nipate sababu ya kumchukia vizuri. Yeye akanipa karatasi za hotuba.

"Basi soma wewe, dada. Afadhali wewe kuliko mtu asiyeyajua madai haya."

Ndani kulikuwa na meza ndefu, na mawaziri watatu upande wa pili. Nilianza kwa sauti ya chini, kisha ikashika njia. Nasema kweli, nilifurahi sana: mara hii walikuwa wananisikiliza mimi. Nikafika dai la tatu, kwamba majina ya vijana wanaostahili hukatwa kwenye orodha za kazi, yakawekwa ya wenye kujuana. Waziri mmoja akavua miwani.

"Binti, haya tunayasikia kila siku. Nipe mfano. Jina la nani limekatwa, na nani kalikata?"

Mwenyekiti akapekua karatasi zake zote. Mfano hatukuwa nao. Waziri akatabasamu, akarudisha miwani machoni na kutazama saa.

"La mdogo wangu, mheshimiwa," nikasema. "Vijana walimchagua yeye asome. Nimelikata mimi, kwa wivu, nikaweka langu. Yuko getini."

Karani wa kikao akaniuliza kwa sauti ya chini kama hilo aliandike. Nikamwambia aliandike, nikainuka ili mdogo wangu akija apate pa kukaa.