Maharage ya Bibi Kwenye Mizani

Jumamosi, Karatu. Nitasimulia yote, hata pale nilipolia.

Leo tumepima begi la Mama kwa mizani ya kliniki, ile ya kuning'iniza watoto!

Mama ni nesi. Kesho anarudi Komoro kujitolea tena, kuwatembelea majumbani akina mama waliojifungua. Bibi hakutaka aende. Wiki nzima hakumsemesha.

Mama akafunga mizani kwenye boriti, akaning'iniza begi. Mshale ukapita kilo zinazoruhusiwa kwenye ndege.

"Mtoto amenona huyu," nikasema.

Mama akacheka, akalishusha, akalifungua. Chini kabisa, ndani ya kitenge, kulikuwa na maharage. Si mimi niliyeyaweka, wala si yeye.

Bibi akapaza sauti kutoka jikoni: "Mama Anna, hayo usiyaguse! Hao wazazi wa huko watapataje nguvu?"

(Jamani, huyu ndiye aliyenuna wiki nzima!)

Mama akaitikia taratibu, "Sawa, Mama." Kisha akatoa sweta lake zito, akanivisha mimi.

"Huko ni joto, mwanangu. Vaa wewe."

Tukapima tena. Mshale ukatulia panapotakiwa. Hapo ndipo nilipolia.

Wewe uliyewahi kumsindikiza mama yako safari ya mbali, ulimwambia nini mwishoni? Nijibu leo, tunatoka alfajiri.