Samahani ya Inagaki

Huko Osaka, Kuwabara alizeeka akicheza tenisi ya wawili wawili, yeye akisimama karibu na wavu. Tangu mpira wa mwenzake ulipompiga kisogoni, aliogopa kila mpira wa kuanzia uliopigwa kutoka nyuma yake. Mwenzake mpya, Inagaki, mdogo kwake kwa umri, kwa adabu alikuwa akisema "Samahani, kaka" kabla ya kuupiga. Kuwabara akisikia tu, anainama, mpira unaorudishwa unampita, pointi inapotea.

"Nyamaza bwana!" Kuwabara akamfokea. "Tukishindwa leo, nani atanichukua tena?"

Pointi ya mwisho, Inagaki akanyamaza. Kimya kile kilitisha zaidi. Kuwabara akageuka.

"We Inagaki! Hebu iseme!"

"Samahani, kaka."

Safari hii hakuinama, ila alifumba macho. Mpira ukavuma sikioni, ukarudishwa, ukagonga raketi yake na kuangukia upande wa pili. Wameshinda.

"Umeuonaje, kaka?"

"Sikuuona."